Ramani yetu inaropoka, na mimi nimechoka

Alhamisi, saa saba usiku, hosteli

Najua nimeadimika. Mara testi, mara bumu limechelewa, mara jirani kaungua feni tukakesha gizani. Leo nimerudi na hasira, na hasira zenyewe hazihusu mkopo wala foleni ya kafeteria. Zinahusu picha ya nyuma ya ramani kwenye gemu. Chekeni kwanza, nawasubiri.

Mmemaliza? Haya.

Mnaonifuatilia mnajua kwamba tangu semista ianze, mimi na mwenzangu wa chumbani (tumwite Msanii, maana hakuna ukuta hapa ambao hajauchora) tunatengeneza gemu ya maandishi. Siyo ya kufyatua risasi wala mpira. Ni hadithi: unasoma ulipo, unachagua pa kwenda, hadithi inaendelea kwa ulichochagua. Kijana mgeni ameshuka Darajani, Unguja, mwaka 2021, ana barua mkononi anatakiwa kumfikishia bibi mmoja Shangani kabla ya magharibi. Simu imezima. Kati ya Darajani na Shangani kuna vichochoro vya Mji Mkongwe, na vichochoro hivyo ndiyo gemu yenyewe. Tumeandika sehemu 42.

Wiki iliyopita Msanii akaja na wazo. Pembeni ya maandishi tuna kiramani kidogo. Yeye anataka picha ya nyuma ya hiyo ramani ibadilike kila mchezaji anapohama. Ukifika Mkunazini, inakuja picha ya Mkunazini. Ukipinda kona, picha nyingine. Sehemu 42, picha 42. Amekesha siku tatu anachora na kukusanya. Na nisiwe mnafiki, picha ni nzuri sana. Nilipoziona mara ya kwanza nikamwambia, "Mzee, hapa tumemaliza." Nikakubali kwa mdomo wangu.

Sasa nimekataa. Jana usiku tumebishana mpaka jirani akagonga ukuta. Naandika hapa kwa sababu kesho tuna kikao cha watatu na nataka hoja zangu ziwe zimekaa sawa.

Kwanza nimpe Msanii haki yake. Anasema hivi: watu wa siku hizi hawana kalamu na karatasi pembeni. Wanacheza kwenye simu, wamesimama ndani ya daladala. Ukimwacha mtu apotee kwenye maandishi matupu, anafunga, anaenda kuangalia video. Picha inamwambia "hapa ni pengine, umesogea." Inampa moyo. Hoja hiyo ina uzito, na wanaocheka picha kwenye gemu za maandishi kwamba ni za watoto sipo upande wao.

Ila tuangalie hizi gemu zimetoka wapi. Ya kwanza iliyojulikana, Colossal Cave Adventure, iliandikwa na Will Crowther, Mmarekani, miaka ya 1975 na 1976. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta, kazi yake ilikuwa kwenye ARPANET, babu yake intaneti. Pia alikuwa mtu wa kuingia mapangoni. Yeye na mkewe Patricia walipima na kuchora ramani za mapango ya Kentucky, na mwaka 1972 Patricia alikuwemo kwenye kundi lililogundua njia ya kuunganisha mapango ya Flint Ridge na Mammoth Cave. Baada ya ndoa kuvunjika, Crowther akaandika gemu ili binti zake waicheze. Mwaka 1977 Don Woods wa Stanford akaipanua, ikasambaa.

Mnaona mambo? Mtu aliyekuwa na ramani halisi ya pango, aliyeipima kwa mikono yake, alipotengeneza gemu hakuiweka ramani ndani. Najua kompyuta za wakati ule zisingemruhusu kuweka picha, msinirukie. Ninachosema ni kilichotokea baada ya hapo: wachezaji wakachora wenyewe. Kila mmoja na karatasi yake, mishale, viboksi, kufuta na kuandika upya. Ile karatasi ndiyo ilikuwa ushahidi kwamba umefika mahali.

Ndani ya pango lile kuna sehemu maarufu: vijinjia vilivyopindapinda, vyote maelezo yake yanafanana. Ukienda kaskazini kisha ukarudi kusini, hurudi ulipotoka. Unafanyaje? Wachezaji wakagundua ujanja: dondosha kitu. Taa hapa, chakula pale, funguo kule. Chumba chenye funguo sasa si sawa na chumba chenye chakula, na kidogo kidogo unajenga ramani. Waliotengeneza Zork pale MIT, kuanzia 1977, wakaongeza kisirani: mwizi anayezurura humo chini, na vitu ulivyodondosha anaweza kupita navyo, kwikwikwi.

Sasa chukua wazo la Msanii ulipeleke kwenye hivyo vijinjia. Kila chumba na picha yake nyuma ya ramani. Basi, kwisha habari. Hakuna tena haja ya kudondosha kitu. Picha ya mwamba mwekundu ni chumba cha tatu, picha ya mwamba wa kijani ni cha tano. Maandishi yanasema "vyote vinafanana" huku picha inakunong'oneza "usimsikilize, havifanani." Kimoja kinasema kweli, kingine kinaropoka.

Na ndicho kilichotupata. Tuliwapa wenzetu sita wa jengo hili toleo la zamani, lenye kiramani cha mistari inayojichora kadiri unavyotembea, picha hamna. Walipotea vibaya. Mmoja alitaka Forodhani akaibukia tena Darajani, akatukana. Lakini wote waliongea na wazee wa barazani. Tumeandika wazee na akina mama 11 kwenye hadithi. Ukisema shikamoo na kukaa kidogo, wanakueleza: fuata harufu ya kahawa, ukisikia watoto wa madrasa pinda kulia, usifuate upepo wa bahari moja kwa moja maana utakutana na ukuta. Nimekulia kule, nimeyaandika kwa miezi mitatu. Ndiyo roho ya hadithi: mgeni hawezi kufika Shangani bila kumsalimia mtu.

Kisha tukawapa wengine sita toleo la picha 42. Wanne kati yao walimaliza bila kumsalimia hata mtu mmoja. Hata mmoja! Walikuwa wanatazama picha. Picha ikibadilika kuwa na mwanga, wanajua wamekaribia bahari. Ikiwa na giza, wanarudi. Barua ikafika Shangani, bibi akaipokea, na yule mgeni hakutoa shikamoo tangu Darajani. Hivi kweli hiyo ndiyo hadithi tuliyokaa kuiandika?

Msanii akasema, "Lakini wamemaliza!" Nikamwambia ndugu yangu, hata mzigo unafika Shangani.

Halafu kichekesho ni kwamba gemu hii imezaliwa na kupotea kwake yeye mwenyewe. Alipokuja kwetu likizo, nilimwacha Soko Muhogo dakika kumi tu. Nikamkuta saa moja baadaye Malindi, upande wa pili kabisa wa mji, amekaa barazani na mzee mmoja wanakunywa kahawa, ameshajua majina ya wajukuu wote. Mpaka leo anasimulia ile siku kuliko kitu kingine chochote cha safari ile. Sasa Msanii, kaka yangu, ukutani kulikuwa na picha iliyobadilika kukuonyesha ulipo? Ingekuwepo, ungemfahamu yule mzee?

Tatizo la pili: picha inasema zaidi ya ulichotaka kusema. Nikiandika "mbele yako unaliona Beit-el-Ajaib," sijakosea. Picha aliyoweka Msanii pale Forodhani inaonyesha jengo zima, zuri, halina hata ufa. Hadithi yetu ni ya 2021. Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo lile ilianguka na watu walifariki. Mtu yeyote wa Unguja akiona ile picha atatuuliza tuna akili gani. Kosa hilo halikuwa kwenye sentensi yangu, limeingia na picha. Ukiwa na picha 42, una nafasi 42 za kudanganya bila kujua: saa ngapi, mwaka gani, mvua ipo au haipo, mlango umefungwa au uko wazi. Mchezaji akishaufungua mlango, picha yako bado imeufunga. Utachora nyingine? Basi siyo 42 tena.

Tatu, uzito. Maandishi yetu yote, miezi mitatu ya jasho, ni kilobaiti 180 hivi. Picha 42 za kilobaiti 300 kila moja ni megabaiti 12 na ushee. Mara sabini ya hadithi yenyewe! Nawakumbusha kwamba faili za zamani za Infocom, kampuni iliyouza Zork, kwenye toleo la 3 la mashine yao hazikuruhusiwa kuzidi kilobaiti 128, na ndani ya hizo watu walijengewa dunia nzima. Simuambii mtu tuishi kama miaka ya 80. Nasema tu mwanafunzi mwenye bando la kuhesabu asilipie ukuta wa chokaa mara arobaini na mbili.

Msanii atasema nachukia picha. Si kweli, na mifano ninayo. Mwaka 1982 gemu ya The Hobbit ilichora picha kwenye kompyuta ndogo ya Spectrum yenye kilobaiti 48 tu. Picha haikuhifadhiwa nzima, ilichorwa mbele ya macho yako mstari kwa mstari kisha ikajazwa rangi. Na hawakuchora kila mahali, walichagua. Infocom nao, waliojitangaza miaka mingi kwamba picha bora iko kichwani kwa msomaji, waliweka ramani kwenye skrini katika Beyond Zork mwaka 1987: viboksi na mistari, basi.

Kisha 1988 wakatoa Zork Zero, na hapa ndipo ninapotaka Msanii anisikilize. Kule kuna mapambo yanayozunguka maandishi, na yanabadilika kulingana na ulipo. Lakini hayabadiliki kila chumba. Yako ya nje, yako ya ndani ya ngome, yako ya chini ya ardhi. Ukitoka juani ukaingia chini ya ardhi, skrini inabadilika na unasikia mwilini kwamba umevuka. Ukizunguka vyumba kumi vya chini, mapambo ni yale yale, na kutafuta njia ni kazi yako. Inakuambia uko katika dunia gani. Haikuambii uko kona ipi. Walikuwa na wachoraji na bado wakajizuia.

Sasa kitu kilichonifanya nikatae kabisa. Nimekizungushia maneno mengi kwa sababu kinaniuma.

Mnamfahamu Ticha, yule kaka wa jengo la pili anayesoma ualimu. Haoni tangu utotoni. Anatumia kompyuta kwa programu inayosoma skrini kwa sauti, kasi anayoisikiliza mimi nasikia kelele tu. Gemu nyingi ambazo sisi tunacheza hapa yeye hukaa pembeni anatusikiliza tukipiga makelele. Gemu za maandishi ndizo pekee ambazo yeye na sisi tunakaa sawa, na mara nyingi anatushinda. Toleo letu la kwanza alilimaliza kabla ya wote. Alikuwa na ramani nzima ya vichochoro kichwani. Nikimuuliza kutoka Hurumzi kwenda Kiponda, ananijibu kabla sijamaliza swali. Ndiye aliyetuambia wazee wawili wanatoa maelekezo yanayopingana. Hata hicho kikao cha kesho, mtu wa tatu ni yeye.

Jumapili tulimpa toleo la picha bila kumwambia kitu. Alifika sehemu ya tatu akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama tena. Akauliza, "Hapa pana nini? Mbona naambiwa tu kuna njia mbili?"

Jamani. Picha zilipokuja, mimi nilipunguza maandishi. Mimi, siyo Msanii. Nikasema kwani nieleze mlango wa mbao wenye misumari ya shaba wakati unaonekana? Nikafuta. Harufu ya kahawa nikafuta, nikaona inajaza skrini. Majina ya mitaa tukayahamishia ndani ya picha ya ramani, yamechorwa kwa mkono, yanapendeza. Na picha ya nyuma ikiwekwa kwa njia tuliyoitumia haina hata mahali pa kuandikia maelezo. Ile programu inaipita kama haipo. Kwa Ticha, tulikuwa tumebomoa mji tukamwachia "kuna njia mbili."

Hakulalamika. Alicheka kidogo akasema, "Hii gemu haikuwa na shida na mimi. Sasa imeanza kuwa nayo." Akafunga kompyuta, akaomba chai. Hiyo chai sikuinywa vizuri, nawaambia ukweli.

Kwa hiyo kesho nakwenda na masharti manne, na nayaandika hapa ili nisije nikalegea Msanii akianza kunionyesha picha zake tena.

Moja. Picha ya nyuma ibadilike kwa eneo, isibadilike kwa kona. Natosheka na nne: Darajani na barabara kubwa, ndani ya vichochoro, ufukweni, na usiku ukimkuta njiani. Kwa Twine tunayoitumia, programu ya bure ya Chris Klimas iliyotoka 2009, kazi ni ndogo. Kila kipande cha hadithi unakipa lebo, na muundo tuliouchagua unaifanya lebo hiyo ibadilishe mwonekano wa ukurasa mzima. Lebo nne, mistari michache ya mtindo, imekwisha. Vipande 30 vyenye lebo ya vichochoro vinatumia picha ile ile moja. Mchezaji asijue yuko cha ngapi mpaka aulize.

Mbili. Ramani ionyeshe kile ambacho yule kijana anakijua. Mzee akikuambia "nyuma ya msikiti ule ni Kiponda," jina la Kiponda litokee. Kabla ya hapo libaki tupu. Hii ndiyo itamsaidia mtu wa kwenye daladala anayemhofia Msanii. Akishuka kituoni akafungua tena kesho, ramani inamkumbusha alikopita na aliyeongea naye. Kumsaidia mtu akumbuke ni jambo jema. Kumjulia mambo ambayo hajayatafuta ni kumnyang'anya gemu.

Tatu. Kila kilichomo kwenye picha kiwemo kwenye maandishi, na majina yote ya mitaa yarudi kuwa maandishi ya kawaida. Kama kuna kitu kwenye picha ambacho siwezi kukiandika kwa sentensi moja, basi hakikutakiwa kuwepo, au mimi sijui kuandika na nikajifunze. Sentensi nilizofuta nazirudisha, nina nakala. Na mchezaji awe na uwezo wa kuzima picha zote, gemu ikabaki kamili bila pengo.

Nne. Hakuna toleo linalotoka chumbani hapa kabla Ticha hajalimaliza. Namaanisha alimalize mwenyewe, sisi tukiwa nje ya mlango, bila kumuelekeza.

Najua Msanii atauliza picha 38 zinazobaki zinakwenda wapi, na hapo ndipo pagumu, maana amezitolea jasho na mimi ndiye niliyesema "tumemaliza." Pendekezo langu: mwisho wa hadithi, barua ikishafika, bibi anamuuliza kijana, "Umepita wapi?" Hapo ndipo picha zitokee, moja moja, zile tu za sehemu alizopita, kila moja na maelezo yake ya maandishi. Hapo haziropoki siri ya mtu. Safari imeshaisha, ni kumbukumbu yake. Ile ya Forodhani achore upya, na jengo lilivyokuwa kweli mwaka ule.

Akikataa? Sijui. Maonyesho ya idara ni wiki ijayo, na kuna mhadhiri mmoja ameshaziona picha akazisifu sana. Msanii anasema picha 42 ndizo zitakazotupa alama. Inawezekana kabisa yuko sahihi kuhusu alama. Niko tayari kuzikosa, ila yeye mkopo wake unategemea ufaulu kuliko wangu, kwa hiyo siyo rahisi kama ninavyojifanya hapa.

Ninyi mngefanyaje? Mkinikuta kafeteria niambieni, ila aje na hoja, siyo "picha ni tamu tu." Na kama kuna mtu amewahi kupotea Mji Mkongwe akapenda, aniletee kisa chake, nina wazee 11 wanaosubiri wa kumi na mbili.

Msanii amelala, anakoroma. Laptopu yake iko wazi mezani, picha ya Mkunazini imejaa skrini. Nzuri kweli, shetani huyu. Nalala, nina lekcha saa mbili.